Safari ya Polepole Kutoka Mbale Hadi Nyanza

Katika Australia, jimbo la Victoria, kuna barabara mashuhuri ipitayo kando ya bahari. Askari waliorudi kutoka vitani waliijenga kati ya miaka 1919 na 1932, na hata leo wageni huifuata bila haraka, wakitua penye misitu na fukwe. Sisi wa Uganda hatuna bahari. Lakini tunalo ziwa lenye jina lilo hilo, na barabara ya kulifikia inapita karibu na milango yetu. Tatizo ni kwamba wengi wetu huipita tukiwa tumelala garini.

Tuanzie hapa Namakwekwe. Tukiupa mlima Wanale kisogo, twashika barabara ya Tirinyi, twapita Kamonkoli na Budaka mpaka mto Mpologoma. Hapo nchi ni tambarare, maji yamesimama katika mafunjo, na kandokando watu wamelima mpunga. Maana ya jina hilo ni simba, ingawa siku hizi angurumaye pale ni lori tu. Baada ya Namutumba twaikuta barabara kuu karibu na Iganga, kisha mashamba ya miwa ya Kakira, na mara tumefika Jinja. Ni mwendo wa kilometa 145 hivi.

Jinja yafaa kutua. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na katika maziwa yote ya maji baridi duniani ni Superior peke yake, huko Amerika ya Kaskazini, lililo pana zaidi. Hapo ndipo mto Nile unapotoka. Speke alipofika mwaka 1862 aliona maporomoko. Leo hayaonekani, kwa sababu bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliinua maji yakayafunika. Magari sasa huvuka kwa daraja la meta 525 lililofunguliwa mwaka 2018. Atakaye kuoga ziwani ajihadhari: katika maji yaliyotulia yenye majani hukaa konokono waenezao kichocho.

Tukivuka mto kuelekea Kampala twaingia msitu wa Mabira, wenye kilometa za mraba 300 hivi. Ndani yake mna zaidi ya aina 300 za ndege, na kima wenye mashavu ya kijivu. Miti hushika udongo, hulisha vijito, na kurudisha unyevu hewani uwe mvua. Pale Najjembe wachuuzi huyakimbilia magari na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja. Abiria hununua dirishani, na kwa wengi hiyo ndiyo habari yote waijuayo ya Mabira.

Hiyo ni hasara kubwa. Mwaka 2007 ulitolewa mpango wa kukata karibu robo ya msitu huu ili ipandwe miwa. Watu wakaandamana Kampala, wengine wakauawa katika ghasia, na mwishowe mpango ukaachwa. Waliousimamia msitu waliujua thamani yake; nani atausimamia kesho, ikiwa sisi twaujua kwa harufu ya kuku tu?

Basi, ndugu msomaji, ukisafiri likizo ijayo, shuka Najjembe. Zipo njia za miguu na waongozaji. Kampala haitahama.