Mzee Asianguke Wodini

Kuanguka ni miongoni mwa madhara yanayoweza kumpata mzee akiwa tayari mikononi mwa waganga, na mara nyingine huwa mazito kuliko ugonjwa uliomleta hospitalini, kwa kuwa mfupa wa paja ukivunjika karibu na nyonga humlaza kitandani kwa majuma mengi, na kulala huko huzaa vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Katika zoni za afya za kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, kama Kasongo, Kabambare na Lusangi, sababu kadhaa huweza kumkuta mzee kwa wakati mmoja. Aliyetibiwa malaria kali kwa kinini huweza kupungukiwa na sukari ya damu, masikio yakavuma na kichwa kikazunguka, na anayemeza dawa za kuongeza mkojo huamka usiku tena na tena. Ipo pia hali ya shinikizo la damu kushuka mtu anaposimama, ambapo kipimo cha juu hupungua kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, ubongo ukapungukiwa damu kwa muda, na mzee akaona giza kabla hajafika mlangoni. Usiku, pasipo umeme na choo kikiwa nje ya jengo, hakihitajiki kikwazo kikubwa: pindo la chandarua likimnasa vidole vya miguu, au kandambili iliyolika ikikanyaga sakafu yenye maji, yatosha.

Hata hivyo, hospitali za Kongo zina hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo, nayo ni ndugu anayekesha kando ya mgonjwa, akimpikia, akimwosha na kumfulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa katika wodi 14 za hospitali za Boston na New York, ulionyesha kwamba wauguzi walipopanga kinga pamoja na mgonjwa na jamaa zake, wakizingatia hatari za kila mmoja, kuanguka kulipungua kwa asilimia 15, na kuanguka kulikoleta majeraha kwa asilimia 34. Huko jamaa huja kutazama mgonjwa na kuondoka. Kule Kasongo, ndugu yumo wodini usiku kucha, ila si mara zote anaelezwa la kufanya.

Maelezo yenyewe hayagharimu fedha. Muuguzi amwonyeshe ndugu huyo, siku ile ile ya kulazwa, jinsi ya kumketisha mzee ukingoni mwa kitanda, nyayo zikiwa sakafuni, kwa dakika kadhaa kabla ya kusimama; amhimize kumpeleka haja kabla ya kulala; na tochi, fimbo na maji viwekwe mkono unapofika. Kumfunga mzee aliyechanganyikiwa kwa kitambaa ni kosa, na ni kumvunjia heshima, kwani hupapatika na kuumia zaidi. Akianguka, asiinuliwe kwa pupa: muuguzi aitwe kwanza, achunguze kichwa, shingo na nyonga, na dawa alizomeza siku hiyo zipitiwe upya.