Kwa nini mwili wa binadamu unaikataa figo ya nguruwe?

Novemba 25, 2024, madaktari wa hospitali ya NYU Langone, New York, walimpandikiza figo ya nguruwe Towana Looney, mama wa miaka 53 kutoka jimbo la Alabama nchini Marekani. Figo hiyo ilifanya kazi siku 130. Hadi wakati huo, hakuna mtu aliyekuwa ameishi muda mrefu hivyo na kiungo kizima cha nguruwe mwilini.

Lakini Aprili 4, 2025 ikabidi itolewe. Looney akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Figo yenyewe haikuwa na kasoro. Iliyoikataa ni kinga yake ya mwili.

Kwanza, kwa nini nguruwe? Viungo vyake vina ukubwa unaokaribia wa vyetu, anazaa watoto wengi kwa mpigo na wanakua haraka. Nyani na sokwe, walio karibu nasi zaidi, walishajaribiwa zamani. Mwaka 1984 huko California, mtoto mchanga aliyejulikana kama Baby Fae aliwekewa moyo wa nyani, akafariki wiki tatu hivi baadaye. Isitoshe, wanyama hao huzaa polepole, na ukaribu wao nasi unarahisisha virusi vyao kutuhamia. (Suala la halali na haramu ni mjadala mwingine, tuwaachie mashehe.)

Tatizo linaanza na sukari

Seli za nguruwe zina sukari fulani kwenye uso wake, inaitwa alfa-gali. Sisi binadamu hatuna. Ila bakteria wanaoishi tumboni mwetu wanayo, na kwa sababu yao mwili hujifunza tangu utotoni kutengeneza kingamwili dhidi ya sukari hiyo, yaani protini zinazowinda wavamizi. Kwa hiyo hata kama hujawahi kumwona nguruwe maishani, damu yako tayari ina askari wanaomsubiri.

Sasa chukua figo ya nguruwe wa kawaida, iunganishe na mishipa ya mtu. Damu ikiingia tu, kingamwili hizo zinanasa kwenye kuta za mishipa ya figo. Zinaamsha protini nyingine za damu ambazo kazi yake ni kutoboa seli. Kuta zinavuja, damu inaganda humo humo, na figo inakufa ndani ya dakika au saa chache.

Ukuta huu ndio wanasayansi wameuvuka. Walifuta jeni inayotengeneza alfa-gali, na nguruwe wasio na sukari hiyo wakaanza kuzaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Septemba 2021, NYU iliunganisha figo ya nguruwe wa aina hiyo kwa mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umeshakufa, familia yake ikiwa imeridhia. Ilikaa saa 54 bila kukataliwa papo hapo.

Nguruwe wa Looney alifanyiwa marekebisho zaidi, 10 kwa jumla. Jeni za sukari tatu zilifutwa, na nyingine ya ukuaji ikazimwa ili kiungo kisiendelee kukua. Kisha zikaongezwa jeni sita za binadamu, baadhi za kutuliza kinga na nyingine za kuzuia damu isigande ovyo. Ni kama kumvalisha mchezaji mgeni jezi ya timu ya nyumbani.

Jezi haimdanganyi kila mtu

Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Bado kabisa. Kinga ina kikosi kingine kinachokwenda taratibu: seli T, ambazo ni aina ya chembechembe nyeupe za damu. Zinakagua protini za figo moja baada ya nyingine, zikigundua ugeni zinaita wenzao, na mwili unaanza kutengeneza kingamwili mpya. Hili huchukua siku, wiki au hata miezi.

Rick Slayman, 62, alipandikizwa figo ya nguruwe mjini Boston Machi 16, 2024. Siku ya nane tu, dalili za kukataliwa zilijitokeza. Madaktari waliongeza dawa na wakafanikiwa kuzituliza. Alifariki Mei mwaka huo, na hospitali ilisema hakuna dalili kwamba figo ndiyo iliyosababisha.

Dawa hizo zinashusha kinga, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukizidisha, maambukizi yanakushinda. Ukipunguza, kinga inaamka. Looney alipata maambukizi yasiyohusiana na figo, madaktari wakapunguza dawa ili mwili wake uweze kupambana, na kinga ikageukia figo.

Kinachouma zaidi ni hiki: Looney alimpa mama yake figo moja mwaka 1999, na baadaye ile iliyobaki ikafeli. Damu yake ilikuwa na kingamwili nyingi kiasi kwamba hata figo ya binadamu inayomfaa ilikuwa shida kuipata. Yaani wanaohitaji njia hii kuliko wengine ndio mara nyingi wenye kinga kali kuliko wengine.

Labda unamjua mtu mwenye vali ya moyo ya nguruwe anayedunda tu miaka nenda rudi. Ni kweli, ila vali hiyo hulowekwa kwanza kwenye kemikali, seli zake zikafa. Figo lazima iingie ikiwa hai.

Tim Andrews wa New Hampshire aliivuka rekodi ya Looney: figo yake ya nguruwe ilidumu siku 271 kabla ya kutolewa Oktoba 2025. Figo ya binadamu inaweza kupita miaka 10. Lakini Marekani ina watu zaidi ya 100,000 wanaosubiri viungo, wengi wao figo, ndiyo maana mamlaka za huko ziliruhusu majaribio rasmi kuanza 2025. Mojawapo linaanza na wagonjwa sita. Hali zao zikiridhisha, idadi itaongezwa hadi 50.