Besi, Masikio na Kijana wa Miaka 15

Kwa wazazi wengi wa Afrika Mashariki, reggae bado ina sifa ya bangi na uhuni. Hata sisi tuliokulia Bukoba, kwao Justin Kalikawe aliyeimba reggae kwa Kiswahili na Kihaya hadi alipofariki mwaka 2003, tulipunguza sauti ya redio baba akiingia. Ndiyo maana dada yangu alisita nilipotaka kumpeleka mwanawe wa miaka 15 kwenye onyesho la reggae hapa Brussels. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba asirudi ananuka moshi. Moshi haukuwa tatizo, maana kuvuta sigara ndani ya kumbi hizi ni marufuku kisheria.

Tulikwenda Botanique. Zamani jengo hilo lilikuwa la bustani ya mimea, na tangu mwaka 1984 ni kituo cha utamaduni. Ukumbi wake uitwao Rotonde ni wa duara, una kuba juu na ngazi pembeni, na ni mdogo kiasi kwamba hata ukiwa nyuma unaona vidole vya mpiga besi.

Kijana wetu husikiliza muziki kwenye simu, ambako besi ni kama haipo. Pale ilimgonga kifuani. Baada ya nyimbo mbili akaniinamia sikioni: "Mama mdogo, mbona yule wa ngoma anaruka pigo la kwanza?" Nikamwambia asubiri la tatu. Akasubiri, akacheka.

Njiani kurudi aliuliza kwa nini wanaimba sana kuhusu utumwa, na kwa nini Wajamaika waitukuze Ethiopia. Nilimweleza habari za Haile Selassie kadiri nilivyoweza. Huyu ni mtoto ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili, hujibu Kifaransa. Usiku ule maswali yote aliyauliza kwa Kiswahili, tena cha kuchapia, na sikumsahihisha hata neno moja.

Sasa la kiuguzi, maana ukumbi mdogo hukuweka karibu na spika. Kanuni za Brussels zilizoanza mwaka 2018 zinaruhusu sauti isiyozidi desibeli 100 kwenye kumbi za muziki. Bado ni nyingi. Kipimo kinachotumika sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hupungua nusu. Kwenye 100 zinabaki dakika 15 tu, na onyesho ni saa nzima na zaidi! Vaeni vizibo vya masikio tangu wimbo wa kwanza. Besi mtaisikia tu, hupita mwilini. Simameni mbali na spika, na katikati tokeni nje kidogo. Masikio yakiendelea kuvuma hata kesho yake, muoneni daktari.

Na kabla ya kununua tiketi, angalieni kama ukumbi unaruhusu umri wa mtoto wenu.