Mkihamia Kariakoo Kutoka Nchi ya Baridi



Atembeaye Kariakoo huwasikia. Katika Mtaa wa Kongo, penye nguo za jumla, utasikia Kiswahili cha Bukavu na Goma, na Kirundi cha Bujumbura. Wengi ni wafanyabiashara wanaonunua mzigo na kurudi kwao. Lakini wapo waliokuja na mke na watoto, wakapanga chumba kimoja au viwili ghorofani, na siku ya Jumapili tunakaa nao benchi moja kanisani. Mwezi huu tunasema nao, na pia nanyi mlio majirani zao.

Mama mmoja kutoka Bukavu alitusimulia jinsi mtoto wake wa miaka 2 alivyougua majuma matatu tu baada ya kufika. Alikuwa amepika maharage asubuhi kama alivyozoea kwao, akayafunika vizuri, na jioni akawapa watoto bila kuyachemsha tena. Usiku yule mdogo akaanza kuhara na kutapika. Kulipokucha, macho yalikuwa yameingia ndani, na alikuwa akilia bila machozi. Jirani wa chumba cha pili, bibi wa Kiislamu aliyezaliwa mtaa huo huo, alipomwona alisema, "Mwanangu, huyu si wa kungoja." Wakambeba hadi hospitali, na kwa neema ya Mungu alipona. Hata hivyo mama alibaki akijilaumu kwamba ni mchafu. Sisi tulimwambia si kweli. Alikuwa safi kuliko wengi wetu. Kilichobadilika ni hewa.

Bukavu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na usiku watu hujifunika blanketi. Kariakoo iko karibu sawa na bahari. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32, na usiku nalo halipungui sana. Katika joto hilo vijidudu vya chakula huzaliana upesi mno. Chungu kilichoweza kungoja jioni kule mlimani, hapa kimeharibika kabla ya adhuhuri, hata kama hakinuki. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa muda wa zaidi ya saa mbili. Kama hamna friji, pikeni kidogo kidogo. Soko liko mlangoni, na fungu la mchicha hupatikana asubuhi na jioni. Tunajua kiporo cha wali na chai ya asubuhi kinapendwa, nasi tunakipenda. Lakini wali uliolala katika joto unaweza kuwa na sumu ambayo haiishi kwa kupashwa moto. Mtoto mdogo asipewe.

Mtoto akianza kuhara, msimnyime maji wala chakula, na anyonyeshaye aendelee. Pakiti ya ORS ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Isipopatikana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi, maana inadhuru. Anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha muendelee polepole. Ombeni pia vidonge vya zinki, navyo apewe kwa siku zote alizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma. Akiwa mlegevu, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani, au kukiwa na damu katika choo, mpelekeni hospitali saa ile ile, iwe usiku au mchana.

Kuhusu maji, msidanganywe na uangavu wake. Mji huu unakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia hapa na kuenea mikoa mingi. Maji ya bomba, ya tangi la juu ya nyumba na ya kisima, yote yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo chake. Yale ya kisima yenye chumvi hayaondoki chumvi kwa kuchemshwa. Ya kunywa yawekwe katika ndoo yenye mfuniko na koki, ili mikono ya watoto isiingie.

Maji ya akiba nayo yana hatari nyingine. Bukavu mbu humjia mtu usiku. Hapa yupo pia mbu aumaye mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeleta homa ya dengi. Hutaga katika pipa, ndoo na sahani ya chini ya chungu cha maua, na kwa muda wa juma moja tu au zaidi kidogo watoto wake huruka. Basi pipa lifunikwe, na kila juma limwagwe na kusuguliwa kwa brashi pande zote. Dengi iliwaugua watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo si kila homa ni malaria. Msinunue dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha. Pimeni damu kwanza. Na kabla ya majibu, tumieni panadoli tu. Aspirini na diklofenaki huweza kuleta kutoka damu kwa mwenye dengi.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani na madirisha kufungwa, hata wakati wa mvua. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Wageni wetu, njooni na karatasi za chanjo za watoto kliniki, hata kama zimeandikwa kwa Kifaransa; muuguzi ataona tarehe na kuendelea pale mlipoishia. Mkimweleza daktari, semeni polepole, na asiyeelewa aulize. Hata sokoni mtajikuta mkiomba sombe, na mwenye meza akakuonyesheni kisamvu, kumbe ni kitu kimoja.

Nanyi wanajumuiya, mkipata familia mpya katika jengo lenu, mmoja wenu apande ngazi apige hodi juma la kwanza. Amwonyeshe mama duka la dawa lililo karibu, njia ya kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, na mlango wa kugonga usiku mtoto akizidiwa.