Ngoja ngoja huumiza matumbo: Nani mwenye kauli mama anapokuwa hatarini?

Usawa wa mwanamume na mwanamke huzungumzwa sana bungeni, mahakamani na katika mikutano ya hadhara. Ni nadra kuuona katika ukurasa wa afya. Hata hivyo, kwa daktari anayehudumia akina mama wa Kwale, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, kujua nani mwenye kauli nyumbani ni jambo la kitabibu, sawa na kujua kiwango cha damu au shinikizo lake. Mama anaweza kufa, si kwa kukosa dawa, bali kwa kungoja ruhusa.

Juma hili tutaeleza jinsi kungoja huko kunavyoua, kwa nini kumedumu kutoka kizazi cha nyanya hadi cha mjukuu, na namna ya kukuondoa kabla uchungu haujaanza.

Saa mbili tu

Mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika kizazi kila dakika. Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, misuli ya kizazi hujikaza na kuibana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Kizazi kisipojikaza, au kipande cha kondo kikibaki ndani, mishipa hiyo hubaki wazi kama mfereji uliosahauliwa kufungwa. Mama anayevuja damu nyingi namna hiyo anaweza kufariki dunia katika muda wa saa mbili, au chini ya hapo.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi kijiji kilicho bara kidogo kutoka barabara kuu ya Ukunda kwenda Msambweni. Amejifungua nyumbani usiku, mtoto analia vizuri, lakini damu haikatiki. Mkunga anasema apelekwe hospitali. Mavyaa anasema mwanawe aulizwe kwanza. Mwanawe yuko kazini Mombasa na simu yake imezimwa. Anapopatikana, nusu saa imekwisha. Anasema atatuma pesa za gari baada ya kukopa kwa rafiki. Saa nzima imekwisha. Gari linapopatikana, mama hajitambui.

Hakuna mtu mbaya katika mfano huu. Mavyaa anampenda mkaza mwanawe, mume anamjali mkewe, naye mkunga ametoa shauri la sawa. Ila mwenye mwili, ambaye damu ni yake, ndiye pekee ambaye hakuulizwa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waligawa ucheleweshaji unaoua wazazi katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Serikali hujitahidi na la pili na la tatu kwa kujenga barabara, kununua ambulensi na kuajiri wauguzi. La kwanza linatokea ndani ya nyumba, na ndilo tunaloweza kulitibu sisi wenyewe bila kungoja bajeti.

Nyanya, mama na binti

Wengi hudhani kwamba zamani mwanamke hakuwa na kauli yoyote, na kwamba kauli hiyo imekuwa ikiongezeka mwaka hadi mwaka. Historia ya Kwale haikunyooka hivyo.

Katika mila za Wadigo, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamake, na mali ya mwanamume ilirithiwa na watoto wa dadake, si wanawe wa kuwazaa. Jirani zao Waduruma walihesabu pande zote mbili. Mwanamke aliyeolewa hakukatwa na kwao. Alikuwa na kaka na wajomba wa kumsimamia. Lakini tusije tukadanganyika. Ukoo wa mama haukuwa utawala wa akina mama. Nyanya alipokuwa taabani, aliyengojwa aseme neno alikuwa mwanamume, mara nyingi mjomba.

Baadaye sheria ya Kiislamu ya mirathi, mahakama na uandikishaji wa ardhi viliupa nguvu upande wa baba. Wanaume walikwenda kutafuta kazi bandarini, mashambani na katika mahoteli ya Diani. Mama wa kizazi hicho aliishi kwa wakwe. Mjomba alikuwa mbali, na mumewe pia alikuwa mbali. Aliyebaki nyumbani na mamlaka alikuwa mavyaa, ambaye yeye mwenyewe alizaa watoto wake wote chini ya makuti na kuona hapana haja ya safari ya hospitali.

Sasa yupo binti. Huyu amesoma. Huenda ni muuguzi aliyehitimu katika chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC pale Msambweni. Ameona mwanamke, Fatuma Achani, akiwa naibu wa gavana wa Kwale kuanzia mwaka 2013, kisha akichaguliwa gavana mwaka 2022. Anazaa watoto wachache kuliko nyanyake: kitaifa, wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa 8.1 mwishoni mwa miaka ya 1970, ukashuka hadi 5.4 mwaka 1993, na 3.4 mwaka 2022. Mwaka 1993 chini ya nusu ya waliojifungua nchini walisaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 89.

Haya ni mafanikio makubwa. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba bado wazazi 355 walikuwa wakifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Sababu ni nyingi, zikiwemo upungufu wa damu ya kuongezea wagonjwa na wa wahudumu. Mojawapo ni kwamba hata binti huyu, pamoja na cheti chake na simu yake, usiku wa hatari bado huambiwa, “Ngoja kwanza, tumuulize baba watoto.”

Nyanya alimngoja mjomba, mama akamngoja mavyaa, na binti anaingoja simu. Anayengojwa amebadilika, kungoja hakujabadilika.

Pesa ya mkononi

Ruhusa na pesa ni ndugu. Mwenye nauli ndiye mwenye kauli. Ndiyo maana kipato cha mwanamke, hata kiwe kidogo, ni kinga ya afya.

Huko Kibuyuni, karibu na Shimoni, akina mama hulima mwani baharini na kuuza. Gazi nako, akina mama walijenga daraja la mbao ndani ya mikoko, na wageni hulipa kiingilio kulitembea. Kwingineko wanasuka makuti, wanauza viazi vya karai au wanafanya kazi hotelini. Mama mwenye akiba yake katika simu anaweza kumwita mwenye tuktuk bila kumngoja mtu. Daktari hawezi kuandika akiba katika karatasi ya dawa, lakini angeweza, angeiandika.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hivyo mwanamke mtu mzima aliye na fahamu zake ndiye anayetia sahihi ya kupasuliwa ili mtoto atolewe, na ndiye anayekubali au kukataa njia ya kupanga uzazi. Sahihi ya mume si sharti, ingawa kwa miaka mingi ilikuwa desturi kuitaka.

Wapo wanaohofia kwamba daktari wa zamu atakuwa mwanamume. Waislamu wanaijua kanuni ya fikihi isemayo kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Maisha ya mzazi ni dharura iliyo wazi.

Dalili zisizongoja

Mama mja mzito au aliyejifungua apelekwe hospitali mara moja, bila kikao, akiwa na mojawapo ya haya:

1. Kutokwa na damu kabla ya kujifungua, au damu kulowesha kanga baada ya kujifungua.
2. Kuumwa sana na kichwa, kuona maruwiruwi, kuvimba uso na mikono, au kupatwa na kifafa cha mimba.
3. Uchungu wa zaidi ya saa 12 bila mtoto kutoka.
4. Homa kali, au maji yanayotoka yakiwa na harufu mbaya.
5. Mtoto kuacha kucheza tumboni.
6. Kondo la nyuma kutotoka nusu saa baada ya mtoto.

Akifika mapema, tiba ipo. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu inayopotea kwa mfuko maalumu na kutoa tiba zote kwa pamoja papo hapo kulipunguza uvujaji mkubwa na madhara yake kwa asilimia 60. Lakini tiba hiyo haiwezi kumfuata mama kijijini.

Amueni mapema

Ushauri wangu kwa kila familia ni kuketi pamoja mimba inapofika miezi sita na kukubaliana mambo manne. Kwanza, mama mwenyewe ana ruhusa ya kudumu ya kwenda hospitali, na akishindwa kusema, yeyote aliye naye ampeleke. Pili, nauli iwekwe kando katika simu ya mama, wala si ya mtu mwingine, pamoja na nambari za madereva wawili wa usiku. Tatu, mama asajiliwe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango ilipwe mapema. Nne, wajulikane ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Kutoka Msambweni hadi Likoni ni kama kilomita 50, na mgonjwa anayehamishiwa hospitali kuu ya Makadara, Mombasa, hana muda wa kutafutiwa damu huko.

Mavyaa aitwe katika kikao hicho. Akielezwa kwa heshima, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele za kuita gari. Mume naye afuatane na mkewe kliniki walau mara moja, azisikie dalili hizi kwa masikio yake.

Na wewe msomaji uliye Mombasa, Nairobi au ng'ambo, huenda ndiwe unayengojwa. Usiku utakapopigiwa simu kutoka Kinondo au Vanga, utakuwa umelala au uko zamu. Piga wewe kwanza, leo, na umwambie mkeo, dadako au binti yako maneno haya mbele ya wazee: “Siku hiyo usiningoje. Nenda.”