Makala ya sauti ni nini, na kwa nini wakati mwingine tunaacha kinu kiongee

Jumapili iliyopita, dakika chache tu baada ya kipindi chetu cha makala kuanza, simu ya studio ilijaa ujumbe. "Redio yenu imekata." "Mtangazaji kasinzia?" Msikilizaji mmoja alituandikia kwamba alishatoa betri na kuzirudisha akidhani zimekwisha. Kilichokuwa hewani ni mchi ukitwanga kwenye kinu kwa sekunde 15 hivi, halafu jogoo, halafu mama mmoja akaanza kueleza habari za mwanawe aliyeondoka nyumbani. Hakuna mtangazaji aliyetangulia kusema "sasa tumsikilize mama fulani."

Mitambo ilikuwa salama. Kosa letu ni kwamba tumekuwa tukirusha vipindi vya namna hii kwa muda sasa bila kuwaeleza ni vya namna gani. Tumeona tuandike hapa, kwa wale mnaotusoma kwenye simu.

Taarifa ya habari inakwambia nini kimetokea, wapi, na nani amesema nini. Mafuriko yameharibu mashamba, mkuu wa wilaya amefika, msaada unasubiriwa. Dakika mbili, imekwisha. Makala ya sauti inakwenda kukaa na mwenye shamba mmoja. Iko naye alfajiri anapokwenda kutazama mahindi yaliyolala, iko naye anapobishana na mkewe kama wauze mbuzi au wakope. Mtangazaji anaweza asisikike kabisa. Na tofauti na maigizo kama yale ya Noa Bongo, ambayo wengi wenu mliyafuatilia kupitia Idhaa ya Kiswahili ya DW, hapa hakuna mwigizaji. Anayelia analia kweli, na anayecheka ndiye mwenye kicheko chake.

Mfano kutoka Khayelitsha

Vijana wanaokuja kujifunza kazi hapa studio tunawapa kwanza habari ya Thembi Ngubane, binti wa Afrika Kusini. Alikuwa akiishi Khayelitsha, mtaa mkubwa wa watu wa kipato cha chini nje ya Cape Town, kwenye nyumba ya mabati. Alikuwa na umri wa miaka 19 na alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI.

Mwaka 2004 mtayarishaji wa redio kutoka Marekani, Joe Richman, alikutana naye. Richman ndiye mwanzilishi wa Radio Diaries, kundi ambalo kazi yake ni kuwapa watu wa kawaida kinasa sauti ili wajirekodi wenyewe kwa miezi, kama mtu anavyoandika shajara. Hakuja na orodha ya maswali. Alimwachia Thembi mashine na kipaza sauti, akamfundisha namna ya kuvitumia, na Thembi akakaa navyo kwa takriban mwaka mzima.

Ukisikiliza alichorekodi utaelewa kwa nini njia hiyo ina nguvu. Thembi anajitazama kwenye kioo na kuvisemesha virusi kama mgeni aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi, akivipa masharti ya kukaa humo. Anazungumza na mpenzi wake kuhusu ugonjwa na kuhusu mapenzi yao. Anakwenda nyumbani kwao kumwambia baba yake kuwa ana virusi, na kinasa sauti kinaendelea kuzunguka. Mwandishi wa habari angeingia chumba kile na kipaza sauti chake, baba angekaa sawa na kusema maneno ya kumfurahisha mgeni. Kwa kuwa aliyeshika mashine ni binti yake, alizungumza kama baba.

Lazima mjue pia nchi ilikuwa kwenye hali gani. Rais Thabo Mbeki alikuwa amehoji hadharani kama kweli virusi ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, na waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, alijulikana kwa kusifia kitunguu saumu na ndimu. Khayelitsha ilikuwa na bahati kidogo, maana Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kufubaza virusi huko mwaka 2001, mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Lakini kusema waziwazi una virusi kulikuwa jambo la hatari. Desemba 1998, huko KwaMashu karibu na Durban, mwanamke aitwaye Gugu Dlamini alitangaza hadharani kwamba ana virusi, redioni pia, na siku chache baadaye alipigwa hadi kufa.

Kwa hiyo Thembi alipokubali sauti yake na jina lake vitoke, alijua anachokubali. Makala yake ilirushwa Marekani mwaka 2006 na baadaye ikasikika katika nchi nyingine. Alisafiri hadi Marekani kuzungumza na watu kuhusu maisha yake. Alijifungua mtoto wa kike asiye na virusi. Juni 2009 alifariki kwa kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, akiwa na umri wa miaka 24. Sauti yake bado inasikilizwa, na sisi tukiwa na vijana wapya tunaicheza tena. Kuna mahali anacheka ambapo kila mara na sisi tunacheka, ingawa tunajua mwisho wake.

Masaa mengi, dakika chache

Mtu akijirekodi mwaka mzima anapata makumi ya masaa. Kipindi hakifiki hata saa moja. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo, na haisikiki. Kwa vipindi vyetu vya dakika 20 huwa tunarekodi masaa matatu au manne, kisha tunakaa na kompyuta siku kadhaa tukichagua. Mtu anaweza kueleza jambo mara tano, na ile ya nne ndiyo imetoka moyoni. Tunaitumia hiyo, tunaacha nne nyingine.

Mchi na jogoo wa Jumapili iliyopita ni sehemu ya uchaguzi huo. Tunaita sauti za mazingira. Zile sekunde 15 za kinu zilikuwa zinawaambia kwamba mko uani kwa mtu, kwamba ni asubuhi, kwamba kuna chakula cha kupikwa iwe mtoto yupo au hayupo. Tungeweza kuyasema hayo kwa maneno. Nyinyi wenyewe mnajua kinu kinavyosikika, na tukakiacha kiseme. Pengine 15 zilikuwa nyingi. Mwenzetu mmoja hapa anasema 8 zingetosha, na baada ya zile meseji hatumbishii sana.

Watu wa kawaida kusikika redioni kwa sauti zao wenyewe si jambo la tangu zamani. Miaka ya mwanzo ya redio mashine za kurekodi zilikuwa kubwa kiasi cha kubebwa na gari, na hata palipokuwa na uwezo, watayarishaji wengi wa Ulaya walipendelea kuchukua maneno ya wakulima au wafanyakazi wakayaandika, kisha wakawapa waigizaji wa mjini wayasome. Ilionekana mfanyakazi hawezi kujieleza vizuri.

Nchini Uingereza mabadiliko yanayotajwa sana yalitokana na ajali. Februari 1957 dereva wa treni ya mizigo aitwaye John Axon alikuwa kazini karibu na Chapel-en-le-Frith bomba la mvuke la breki lilipopasuka. Aliungua, lakini hakuruka. Alibaki kwenye injini akijaribu kuizuia hadi ilipogonga treni nyingine, akafa. Mtayarishaji wa BBC, Charles Parker, pamoja na mwanamuziki Ewan MacColl, walikwenda kuwarekodi wafanyakazi wa reli waliomfahamu. Mpango ulikuwa kupata maelezo ya kuandikia tamthilia. Waliporudi na kusikiliza kanda, waliona hakuna mwigizaji atakayesema vile wale madereva walivyosema. Wakaziacha sauti zilezile na kuziunganisha kwa nyimbo. The Ballad of John Axon ilirushwa mwaka 1958. Hadi mwaka 1964 walikuwa wametengeneza nane za aina hiyo, wakiwafuata wavuvi, wachimbaji makaa ya mawe, na watu wanaohamahama.

Marekani nako, mwaka 1993, David Isay aliwapa vinasa sauti wavulana wawili wa Chicago, LeAlan Jones na Lloyd Newman, mmoja wa miaka 13 na mwenzake 14. Kwa siku kumi walirekodi familia zao, mtaa wao na safari zao za kwenda shule. Kipindi kiliitwa Ghetto Life 101. Njia ya Thembi na njia ya hao wavulana ni ileile.

Anaongea Kirusi, sisi tunasikiaje Kiswahili?

Swali hili tunaulizwa na wazee hasa. Tunapowaletea habari ya mvuvi wa Aisilandi au mama wa Siria, mwanzoni mnasikia lugha msiyoijua, kisha sauti inashuka na mtu mwingine anaanza kusema Kiswahili juu yake. Tunaiacha sauti ya mwenyewe sekunde mbili au tatu makusudi, mpate kumjua: ni mzee au kijana, amechoka au ana hasira. Kisha tunatafuta msomaji anayelingana naye. Hatumpi kijana wa miaka 20 maneno ya bibi. Mwishoni tunaipandisha tena sauti ya asili, mmalize naye mwenyewe. Kicheko na kilio hatutafsiri.

Mmemlipa?

Baada ya kila makala lazima atakuwepo anayeuliza kama tulimlipa aliyezungumza. Jibu ni hapana. Tunarudisha nauli, na tukimkalisha mtu siku nzima bila kwenda shambani tunafidia siku hiyo. Habari yenyewe hatuinunui, kwa sababu habari ikishakuwa na bei huanza kunenepa. Tunajua jibu hili haliwaridhishi wote. Kuna waliotuambia kwamba kituo kinapata matangazo kupitia machozi ya mtu ambaye ameondoka na nauli. Hoja hiyo ina uzito na hatujaimaliza.

Ila kuna gharama nyingine kubwa zaidi ya pesa, na hiyo tuliijua kwa kukosea.

Miaka miwili iliyopita tulirusha makala ya mwanamke aliyemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akaenda kuanza maisha kijiji kingine. Jina tulilibadilisha. Kijiji hatukukitaja. Sauti yake tuliifanya nzito kidogo kwa kompyuta. Tukajiona tumekamilisha. Tulichosahau ni mashine ya kusaga iliyokuwa jirani na alipokaa. Mashine ile ilikuwa na kikohozi chake, inakata, inapiga mara mbili, inashika tena, na sisi tuliipenda mno, tukaiweka mwanzo na mwisho. Kila aliyewahi kupeleka mahindi pale aliijua. Siku tatu baadaye shemeji yake alikuwa mlangoni kwake.

Hakuumizwa, tunashukuru. Alihama tena. Makala tuliiondoa kwenye tovuti siku ileile aliyotupigia, lakini watu walikuwa wamesharushiana kwa bluetooth na WhatsApp, na huko hatuna mkono. Alituambia neno moja tu la lawama: kwamba yeye alituamini sisi kwa kuwa ndio tunaojua kazi ya sauti.

Tangu hapo, mtu akitaka kufichwa, sauti za mazingira hatuchukui kwake kabisa. Tunarekodi mahali pengine, na mwanzoni mwa kipindi tunawatangazia kwamba tumefanya hivyo. Tulibishana sana kuhusu hili, maana mmoja wetu alisema kuweka kuku wa nyumba nyingine ni uongo. Tumeona kuwaambia waziwazi kunatosha. Pia kila mhusika anaisikiliza makala nzima kabla haijaenda hewani, na anaweza kuizuia hadi usiku wa kuamkia siku yenyewe bila kutupa sababu. Mwaka huu wameshaizuia wawili. Mmoja alikuwa na habari nzuri kuliko zote tulizorekodi.

Kusikiliza bila kumaliza bando

Makala zote ziko kwenye tovuti hii, chini ya sehemu ya Makala. Mkisikiliza moja kwa moja mtandaoni, kila mkirudia bando linakatwa upya. Ni nafuu kupakua mara moja na kuhifadhi kwenye simu. Tumeweka faili za aina mbili: ndogo, ambayo dakika 20 ni kama MB 10, na kubwa, mara mbili ya hiyo. Kwa maneno matupu ndogo inatosha. Kubwa ni kwa mwenye spika za masikioni anayetaka kusikia hata majani yakitikisika.

Mwenye kitochi kinachopokea kadi ya memori naye hajaachwa. Atakayefika mjini siku ya gulio apite studio na kadi yake, tutamwekea makala za mwezi mzima, na hatutozi kitu. Kadi iwe na nafasi ya kutosha tu. Wiki iliyopita tulipokea iliyojaa taarabu hadi pomoni, na mwenyewe hakuwa tayari kufuta hata wimbo mmoja.