Kupatwa kwa Jua na Kuandama kwa Mwezi: Kwa Nini Mjadala wa Dini na Sayansi Unatuhusu

Miongoni mwa maswali ambayo maimamu na walimu wa madrasa huulizwa na vijana wanaosoma sekondari na vyuoni ni hili: Muislamu anapoambiwa jambo na mwalimu wa fizikia, na jambo jingine na mwalimu wa madrasa, amsadiki nani? Wapo kati yetu wanaoliona swali hili kuwa ni la Wazungu, lililozaliwa katika ugomvi wa kanisa lao na Galileo, na kwamba sisi halituhusu. Rai hii ina ukweli ndani yake, kwani historia yetu si historia ya Roma. Lakini kulitupa swali lenyewe si sawa. Maulamaa wetu walilijadili karne nyingi kabla ya Galileo kuzaliwa, na hawakulijadili katika vitabu vya falsafa peke yake. Walilijadili katika milango ya fiqhi, pale inapozungumzwa swala, saumu na ushahidi.

Tuanze na tukio la zama za Mtume mwenyewe (s.a.w.). Katika mwaka wa 10 Hijria alifariki Madina mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Mariya, akiwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Mtume (s.a.w.) akawasalisha, kisha akawahutubia na kuwafahamisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa sababu ya kufa mtu wala kuzaliwa kwake, na kwamba wakiona hali hiyo waelekee kwenye swala na dua. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tuitazame vizuri hadithi hii. Mzazi amefiwa, watu wake wanampa heshima ambayo mtu mwingine angeinyamazia tu, naye anaikataa palepale. Angekuwa ni mtu anayetafuta utukufu, hapakuwa na siku nzuri kuliko hiyo. Hadithi imefanya mambo mawili kwa pamoja: imeing'oa imani ya uongo juu ya sababu ya tukio, na imeliwekea tukio lenyewe ibada. Haikusema jua linapatwa vipi. Imeliacha hilo kwa wenye kulichunguza.

Nao walilichunguza. Katika karne ya 19 mwanafalaki wa Misri, Mahmud Pasha al-Falaki, alirudi nyuma kwa hisabu na kuonyesha kuwa kupatwa kwa jua kulikoonekana Madina wakati huo kulikuwa tarehe 27 Januari 632, akakitumia kipimo hicho kusahihisha tarehe za sira. Hapa hisabu iliitumikia hadithi. (Na tunaposema falaki hatukusudii ile ya kupigia bao na kutazamia nyota, ambayo watu wa pwani wengi ndiyo waliyoizoea kwa jina hilo. Hiyo maulamaa wameikataza. Falaki tunayoizungumza ni elimu ya miendo ya jua, mwezi na nyota, ambayo kwayo hujulikana nyakati na kibla.)

Sasa, elimu hii ilipoenea katika miji ya Kiislamu, walitokea watu wa dini walioiogopa. Walisikia kuwa wanafalsafa wanasema jua hupatwa kwa sababu mwezi umepita kati yake na ardhi, na kwamba mwezi hupatwa kwa sababu ardhi imekaa kati yake na jua. Wakadhani kuyakataa haya ni sehemu ya kuihami dini. Aliyewajibu si mwanafalsafa, bali ni Imam Abu Hamid al-Ghazali (450–505 Hijria), tena katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alichokikamilisha mwaka 488 Hijria, sawa na 1095. Alieleza katika utangulizi wake kuwa mambo haya yamethibiti kwa hisabu isiyoacha shaka, na kwamba anayejitia kuyapinga kwa jina la dini anaidhuru dini. Kwa sababu yule anayeijua hisabu, na anayeweza kukutajia siku na saa ya kupatwa na ikawa kama alivyosema, akiambiwa kuwa hilo linapingana na sharia hataitilia shaka hisabu yake. Ataitilia shaka sharia.

Hapa ndipo ulipo uzito wa mjadala huu. Mwenye kuinusuru dini kwa njia isiyo yake ameiweka kwenye hatari kuliko adui. Kijana aliyesimama uwanjani tarehe 1 Septemba 2016, wakati jua lilipopatwa na kuonekana kama pete kule Rujewa mkoani Mbeya, alikuwa ameshaijua tarehe na saa tangu zamani. Ikiwa khatibu wake alimwambia kuwa kutaja mambo haya kabla hayajatokea ni kudai elimu ya ghaibu, kijana huyo alirudi nyumbani na nini moyoni?

Ghazali aliirudia maudhui hii katika Al-Munqidh min al-Dhalal, akaonya juu ya hatari mbili zinazotokana na hisabu. Ya pili ni hii tuliyoitaja, ya rafiki mjinga wa Uislamu. Ya kwanza ni ya mtu anayestaajabishwa na usahihi wa elimu hizi, akadhani kila wanachokisema wenyewe kina usahihi ule ule, hata wakizungumza juu ya Mola na akhera. Huyu naye ni mfuasi wa taklidi, ingawa anajiona ameachana nayo. Tunamuona leo: amesoma kuwa mwezi huzunguka kwa kanuni, basi anahitimisha kuwa kanuni haina Mwenye kuiweka. Darubini haikumuonyesha hitimisho hilo, ameliongeza mwenyewe.

Walikuwapo pia waliosema: hadithi inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu huwatisha waja wake kwa alama hizi, sasa jambo linalojulikana kwa hisabu linatisha vipi? Ibn Daqiq al-Id (aliyefariki 702 Hijria), mmoja wa majabali wa hadithi na fiqhi, alijibu kuwa hapana mgongano, kwani Mwenyezi Mungu anavyo vitendo vinavyokwenda kwa mujibu wa ada aliyoiweka na vitendo vilivyo nje ya ada hiyo, na uwezo wake unatawala kila sababu. Jibu hili Ibn Hajar al-Asqalani alilinukuu katika Fath al-Bari. Kujua sababu ya kitu hakumwondoi Mwenye sababu, wala hakuiondoi khofu kwa mwenye moyo.

Ama kwenye mwezi mwandamo jambo lina uzito zaidi, kwa sababu hapa hisabu inagusa hukumu. Kila msikiti wetu una ratiba ya nyakati za swala ukutani, na ratiba hiyo ni hisabu tupu. Hakuna muadhini anayechomeka kijiti uwanjani kupima kivuli cha alasiri. Lakini msikiti huo huo, ikifika usiku wa kuamkia Ramadhani, unasubiri mtu aje aseme nimeuona. Wanaotucheka husema huku ni kujipinga. Je, ni kweli?

Mwanachuoni wa Kimaliki, Shihab al-Din al-Qarafi (aliyefariki 684 Hijria), alilifafanua jambo hili katika kitabu chake Al-Furuq kwa namna ambayo hatujaona iliyo bora kuliko hiyo. Alisema kuwa sharia imelifanya jua kupinduka lenyewe kuwa ndiyo sababu ya kuwajibika kwa swala ya adhuhuri. Basi kwa njia yoyote utakayojua kuwa limepinduka, hukumu imekulazimu. Ama katika mwezi, sharia haikuifanya sababu kuwa ni mwezi kutoka katika mwangaza wa jua, bali imeifanya kuwa ni kuonekana kwake, au kukamilisha siku thelathini. Kwa hiyo mwenye hisabu anaweza kuwa mkweli kabisa katika habari yake, na bado habari hiyo isiwe ndiyo sababu ya hukumu. Hakuna anayemkadhibisha. Kinachoulizwa na faqihi ni swali jingine: Mwenye sharia ameifungamanisha hukumu na nini?

Si wote waliosimama hapo. Qadhi wa Damascus wa madhehebu ya Shafi, Taqi al-Din al-Subki (683–756 Hijria), alikwenda hatua moja mbele. Alisema ikiwa hisabu imethibitisha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana usiku huo, kisha akaja mtu akashuhudia kuwa ameuona, ushahidi wake haukubaliwi. Sababu ni kuwa hisabu hapo ni yakini na ushahidi ni dhana, na dhana haiishindi yakini. Tena moja ya masharti ya ushahidi ni kuwa jambo linaloshuhudiwa liwezekane kiakili na kihisia. Al-Ramli hakukubaliana naye, akasema ushahidi wa waadilifu unapokelewa. Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfat al-Muhtaj akaweka sharti: ushahidi utarudishwa endapo wenye hisabu wameafikiana kuwa misingi yake ni ya yakini na idadi yao imefika ya mutawatir, vinginevyo hautarudishwa. Na katika mwaka 1939 qadhi na mwanahadithi wa Misri, Ahmad Muhammad Shakir, aliandika kuwa hadithi inayoueleza umma kuwa hauandiki wala hauhesabu imetaja hali iliyokuwepo, na hali hiyo ikiondoka umma urejee kwenye hisabu peke yake.

Vitabu vya Shafi tulivyovitaja si vigeni kwa maulamaa wa Lamu, Mombasa na Unguja. Kwa hiyo mtu akija kwetu akidai kuwa suala la hisabu ni uzushi wa juzi ulioletwa na wasomi wa Ulaya, tunamuomba arejee mlango wa saumu katika sherehe za Minhaj. Sisi tunaona kauli ya Subki ndiyo iliyo karibu zaidi na usalama: kuona kubaki kuwa ndiyo sababu ya hukumu kama lilivyo tamko la hadithi, na hisabu isimame mlangoni kuuzuia ushahidi usiowezekana. Mtu anayeshuhudia kuwa ameuona mwezi wa magharibi ilhali ulikwisha kutua kabla ya jua, si lazima awe mwongo. Huenda ni jicho limemdanganya, au ni nyota, au ni wingu. Lakini qadhi akiupokea ushahidi huo, watu wa mji mzima watafungua siku ambayo ni ya funga. Anayeona vingine anao maimamu wake, na hatumlaumu. Tunayemlaumu ni yule anayemuita mwenzake kafiri au mjinga katika jambo ambalo Subki na Ramli walikhitilafiana bila ya kutukanana.

Katika mwezi, gharama ya kukosea ni siku moja ya funga. Katika tiba gharama ni roho za watu. Tauni ilipoikumba Andalus mwaka 749 Hijria, Lisan al-Din Ibn al-Khatib wa Granada aliandika kuwa kuambukizana kumethibiti kwa uzoefu na uchunguzi, na kwamba dalili ya maandiko ikipingana na lililothibiti kwa hisia haina budi kufasiriwa. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimchukulia mabinti watatu, hakuwa na kauli hiyo. Yeye aliikanusha adwa na akaona tauni ni mchomo wa majini. Lakini alikuwa mwaminifu kwa aliyoyaona. Katika Badhl al-Ma'un ameeleza kuwa mwaka 833 Hijria watu wa Cairo walifunga siku tatu kisha wakatoka kwa umati kwenda jangwani kuomba dua, wakati wafao kwa siku hawajafika arobaini. Haukupita mwezi ila idadi ilizidi elfu kwa siku. Mwaka 2020, misikiti ilipofungwa Kenya na kubaki wazi Tanzania, na Hija ikafanywa na watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudia, mjadala ule ule ulirudi kwenye mimbari zetu. Wengi waliupokea kama kwamba haujawahi kuandikwa.

Kuna kosa jingine ambalo linapendeza zaidi masikioni, kwa hiyo hupita bila kukemewa. Nalo ni la kukimbilia kukitundika kila kilichogunduliwa maabara kwenye aya ya Qur'ani. Shatibi (aliyefariki 790 Hijria) alilipinga hilo katika Al-Muwafaqat, akasema hatukuwaona masahaba wakiibebesha Qur'ani elimu za namna hiyo. Katika karne ya 20 Tantawi Jawhari wa Misri aliandika tafsiri yenye juzuu 26 iliyojaa sayansi ya zama zake, pamoja na picha za wanyama na mimea. Nia yake ilikuwa njema, kuwaamsha Waislamu wasome. Lakini sayansi ya zama zake si sayansi ya leo, na nadharia inapobadilika, aya iliyofungwa kwayo hubaki mashakani machoni mwa aliyefundishwa hivyo. Qur'ani imetutajia kuwa jua na mwezi huenda kwa hisabu, na kwamba mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka. Huo ni mwaliko wa kuhesabu. Haikutupa jedwali la miendo yake, na maulamaa wa falaki waliufahamu hivyo. Ibn al-Shatir, muwaqqiti wa msikiti mkuu wa Damascus aliyefariki mwaka 777 Hijria, alipima na kusahihisha kwa miaka mingi huku kazi yake ikiwa ni nyakati za swala.

Kwa mujibu wa hisabu, tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kinapita Afrika ya Kaskazini na kuvuka Bahari ya Sham, na miji ya Jidda na Makka imo katika njia ya kupatwa kwa jua lote. Dakika zake zimeshaandikwa. Hata hivyo hukumu ya fiqhi haibadiliki: imamu hasimami kuisalisha swala ya kusufu kwa kutazama saa na jedwali, bali hadi jua lianze kupatwa na watu walione, kwa sababu hadithi imeifungamanisha swala hiyo na kuona.